Mtungi Nyuma ya Mlango

Vijana wa kambini wameniomba niandike jinsi kazi ilivyokuwa, ili wanaoajiriwa sasa wasidhani kambi ilianza siku waliyoshuka garini. Walisema niandike yale yaliyonifurahisha. Nitajaribu. Lakini niseme mapema, mtu asije akashangaa katikati: mimi nimestaafu nikiwa na wivu. Pale kambini kuna bweni jipya la wanawake, la mawe, limepakwa rangi ya maziwa, na juu ya mlango limeandikwa jina la Kalondu. Kalondu nilimfundisha kazi mimi. Jina langu, Ndinda, alipewa mbuzi mmoja wa majaribio, naye alikufa kwa kuvimbiwa.

Kwa wasioijua kambi yenyewe, iko mbali kupita Tseikuru, mahali ambapo ukiona vumbi kwa mbali unajua ni gari letu, maana hakuna lingine. Kazi yetu ni nyasi na mifugo. Tunatazama ni nyasi gani inayorudi baada ya kiangazi kirefu, na mbuzi wa aina gani anayebaki na nyama mwilini wakati wenzake wamebaki mbavu. Maji yanatoka kwenye mto wa mchanga. Unachimba, unangoja yajikusanye, unachota kwa kibuyu, na punda anabeba. Kila mfanyakazi ana mtungi wake wa plastiki wa lita ishirini, na mtu anaujua mtungi wake kama mama anavyomjua mtoto wake shuleni.

Nilifika nikiwa msichana, nimetoka Tawa na sanduku la bati, na mama alikuwa amenifungia kunde za kutosha kulisha jeshi. Nilipokelewa na Syombua, mpishi wa kambi, mwenyeji wa huko huko, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita punda. Alinionyesha chumba changu. Mlango wake ulikuwa na chuma kizito cha kufuli upande wa nje, na upande wake wa ndani hakukuwa na kitu, hata msumari. Vyumba vile vilijengwa viwe stoo. Aliyevijenga aliogopa mizani isiibwe, hakuwaza kwamba siku moja ndani mtalala mtu.

Syombua aliutazama mtungi wangu. "Huo usiache jikoni na ya wengine," akaniambia. "Weka nyuma ya mlango. Na ujaze kabisa. Ukiwa nusu, unasukumwa."

"Unasukumwa na nani, mwaitu?" Kwetu mwaitu ni mama, na kila mwanamke wa umri ule ni mama yako.

"Jaza tu," akasema, akaenda kuangalia muthokoi wake, mahindi yale ya kukobolewa, motoni.

Mkuu wa kambi nitamwita Dakta na niishie hapo, kwa sababu ana watoto na hawakumtuma. Alikuwa bado kijana wakati huo, amerudi kutoka masomoni, shati limepigwa pasi hata huku hatuna pasi. Sitamnyima haki yake: alikuwa mwalimu mzuri. Ndiye aliyenifundisha kupima nyasi. Unachukua fremu ya chuma ya mraba, unageuka, unairusha nyuma ya bega bila kutazama, na pale itakapoanguka ndipo unapokata. Ukitazama, alisema, utachagua nyasi nzuri, kwa sababu binadamu hupenda kudanganya hata bila faida. Nimewafundisha wengi neno hilo bila kuwaambia nilikolitoa.

Alianza kugonga mlango wangu mwezi ule ule wa kwanza, wenzangu wakiwa jikoni wanasikiliza taarifa ya habari. "Ndinda, fungua. Tuongee maneno ya ripoti yako." Nikasema nimelala. Mlango ukasogea kidogo, ukakutana na mtungi, ukasimama. Nilisikia maji yakitikisika ndani. Akasukuma tena, maji yakatikisika tena, kisha nikasikia viatu vyake vikiondoka kwenye kokoto. Asubuhi yake kwenye mkutano alinisalimia kama kawaida, akanipanga kiwanja cha nyasi cha mbali kabisa, mimi na yeye. Garini alinishika paja. Niliutoa mkono, akaurudisha, nikautoa, na njia yote tulienda hivyo hivyo, yeye akinieleza habari za udongo.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, kwa maana watu husema wanawake wa zamani tulinyamaza. Mimi sikunyamaza. Nilipopata likizo sikwenda nyumbani kwanza, nilikwenda makao makuu, nikaketi mbele ya ofisa wa wafanyakazi na kumwambia yote, mpaka na hilo la paja, ambalo sikuwa nimemwambia hata mama yangu. Alinipa soda. Akauliza kama nimeolewa. Akauliza kama Dakta huwa ananipa lifti mara nyingi, na mimi huwa nakubali. Gari ni moja, nikamwambia, nitapanda nini, punda? Akatabasamu. "Msichana, mambo ya kambi huishia kambini," akasema, akanisindikiza mpaka mlangoni kwa heshima zote. Baadaye alistaafu akaagwa kwa sherehe na blanketi.

Niliporudi, Dakta alikuwa anajua. Ile redio ya kambi, ambayo ukitaka dawa ya malaria inakoroma siku nzima, habari zangu ilizifikisha vizuri. Hakunifokea. Aliniondoa tu kwenye safari za gari. Funguo zilikaa mfukoni mwake, na kule mwenye funguo ndiye serikali. Shangazi yangu alizikwa Tawa bila mimi, na nyumbani wakasema kazi imenipa kiburi. Msimu mzima nilipangwa kwenye kiwanja cha mbali. Jioni nilikuwa nikichota maji yangu mwenyewe mtoni, najaza mtungi mpaka shingoni, navuta mlango na kuusukumia pale.

Miaka ikaenda. Niliolewa, nikazaa, likizo ya uzazi ikiisha narudi, maana kazi nilikuwa naipenda na hakuna aliyekuwa na haki ya kunifukuza humo kwa kugonga mlango. Wasichana walikuja na kuondoka. Kila aliyefika nilimpeleka chumbani, nikamwonyesha mtungi, nikamwambia maneno ya Syombua. Wengine walielewa hapo hapo, wengine baada ya wiki moja. Hatukuwahi kuketi chini tukalizungumza. Ulikuwa ni utaratibu, kama kufunga zizi.

Kuna mwaka walikuja wageni wa ukaguzi. Walizunguka vyumba, na kila chumba cha mwanamke walichofungua walikuta mtungi umejaa nyuma ya mlango. Wakafurahi sana. Kwenye mkutano wa kufunga ziara kiongozi wao alisimama akampongeza Dakta kwa kuwajali wanawake, hata amehakikisha kila mmoja ana maji yake chumbani katika sehemu kavu kama hii. Akasema kambi nyingine zije zijifunze. Tulipiga makofi. Syombua alipiga kwa nguvu kutushinda wote, kisha akaenda nyuma ya jiko akakaa huko mpaka wageni walipomaliza kula.

Basi ndipo akaja Kalondu. Alitoka Mutomo, baba yake ni mchuuzi wa mbuzi, na kwa hiyo alikuwa akijua umri wa mbuzi kwa kumtazama meno kabla mimi sijafungua kitabu. Alikuwa na kicheko kikubwa kisichomngoja mtu. Alipewa miezi ya majaribio, na atakayesema kama anabaki au anakwenda ni Dakta. Nyumbani walikuwa wakimtegemea, wadogo zake wako shule. Nilimpeleka chumbani, nikamwonyesha mtungi.

"Na nikiskia kiu?" akaniuliza.

"Kunywa asubuhi, ujaze tena."

"Lakini madam, si mlango uekwe komeo tu?"

Nilisimama pale kama niliyeulizwa jina la mama yangu nikalisahau. Miaka yote ile, mimi na Syombua na wasichana wote waliopita, tulikuwa tumehesabu maji, tumechagua mitungi isiyovuja, tumefundishana pembe ya kuiweka. Hakuna aliyewahi kusema komeo. Hapo ndipo wivu wangu ulipoanza. Haukuanzia kwenye bweni la mawe, ulianzia kwenye swali lile, kwamba mtoto wa juzi amelifikiria kabla hata hajafungua sanduku lake.

Asubuhi iliyofuata, kwenye mkutano, mbele ya watu wote, Kalondu akainua mkono. "Dakta, naomba komeo ya ndani kwa mlango wangu."

Dakta akatabasamu. "Komeo ya nini? Unaogopa fisi?"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka, kwa maana mkubwa akitania unacheka.

"Fisi siogopi, Dakta," Kalondu akasema. "Fisi haibishangi hodi."

 Dakta akafungua faili lake, akasoma ratiba, akampanga Kalondu kiwanja cha mbali, yeye na Dakta peke yao. Kalondu hakusogea. Akasema anaenda na Madam Ndinda au haendi. Dakta akamkumbusha kwa sauti ya upole kwamba yuko kwenye majaribio. Niliuona uso wa yule msichana ukibadilika, nikajua anawaza wadogo zake. Basi nikachukua fremu yangu, nikafungua mlango wa gari, nikaingia nikakaa katikati. Sikuambiwa na mtu. Tulikwenda hivyo, magoti yangu yamebana gia, hakuna aliyeongea habari za udongo. Na njia nzima nilikuwa na hasira, wala si na Dakta peke yake. Nilikuwa nikiwaza: mimi nilipokaa kiti cha huyu msichana, ni nani aliyeingia katikati?

Mambo yaliharibika Jumapili moja mchana. Wengi wetu ni wa kanisa, tulikuwa kwenye banda la kulia tunaimba. Kalondu alikuwa amebaki chumbani. Alikuwa ameosha nywele kwa maji yake yote, tabia ambayo nilikuwa nimemkanya, na mtungi wake ulikuwa mtupu nje, umeinamishwa ukauke. Komeo hakuwa amepewa. Tulimsikia akipiga kelele, tukaacha wimbo katikati ya ubeti.

Aliyefika kwanza ni Salim, dereva wetu, Mwislamu wa Mwingi, aliyekuwa akiosha gari. Tulimkuta amesimama katikati ya mlango, kitambaa chenye maji mkononi, amejaza mlango wote. Ndani alikuwa Dakta, na Kalondu kwenye kona, blauzi imechanika begani, kitana amekishika kama kisu. Salim hakusogea mpaka sote tulipofika tukaona kwa macho yetu. Kisha akampisha.

"Niliskia kuna nyoka," Dakta akasema.

Syombua, mzee sasa, magoti yanamuuma, alisukuma watu akaja mbele. "Nyoka ako wapi, Dakta? Tuonyeshe, tumuue."

Dakta akaangalia sakafu. Ilikuwa sakafu tupu ya simenti, imefagiwa. Akapita katikati yetu akaenda ofisini kwake. Mimi nilimfunika Kalondu leso yangu ya kanisani, na alipokuwa ameegemea kifua changu nilimhurumia kwa moyo wangu wote, na papo hapo nikamwonea wivu kwa kumpata Salim. Najua Salim alikuwa hajaajiriwa wakati wangu, labda alikuwa hajaanza hata shule. Hilo halikunisaidia kitu.

Jumatatu Kalondu alibeba mtungi wake, ukiwa mtupu vile vile, akauweka mbele ya mlango wa ofisi ya Dakta, akakaa juu yake. Hakutangaza chochote. Mimi nikaenda kuchukua wangu. Syombua akaja na wake, akiuburuta kwa sababu ulikuwa umejaa na hakutaka kumwaga. Wengine wakafuata. Siku ile hakuna mbuzi aliyepimwa wala nyasi iliyokatwa. Dakta alipotaka kuingia ofisini alilazimika kupita akiruka mitungi kama mtu anayevuka matope, na kila akitoka ilikuwa ni vile vile. Mchana Kalondu alipanda kile kilima ambako simu hupata mtandao, Salim akimsindikiza, akapiga makao makuu. Alipokelewa na ofisa mpya wa wafanyakazi, mwanamke. Ofisa huyo hakumuuliza kama ameolewa. Alimuuliza: "Uko salama sasa? Uko na nani?"

Kalondu alituambia maneno hayo jioni, tukiwa tumekaa juu ya mitungi tunakunywa chai. Nilitoka kidogo nikaenda zizini. Nilitaka kuyasikia maneno hayo peke yangu, na mara moja tu, kana kwamba niliulizwa mimi.

Kamati ilikuja wiki ile ile. Mwenyekiti wake, kijana nadhifu mwenye viatu vya mji, alishuka garini akaiona mitungi imejipanga na wanawake juu yake, na kabla hajasalimia vizuri akatuahidi tangi. Alidhani tumegomea maji. Akasema analielewa tatizo, hata kwao wanangoja mvua. Tulimwacha amalize.

Pamoja nao alikuwa mtafiti mgeni wa nchi za baridi, mwanamke mwenye nywele nyeupe, ambaye miaka mingi alikuwa amefanya kazi kwenye barafu kule chini kabisa ya dunia. Sisi tulimwita Mama wa Barafu. Kiswahili chake alikisema polepole, akichagua neno kama mtu anayechagua mayai. Aliomba kuona vyumba. Nikamwonyesha changu. Akatazama chuma cha kufuli kwa nje. Akaugeuza mlango, akapapasa ndani palipo tupu. Kisha akatazama chini, pale mtungi wangu ulipokuwa umekaa miaka yote mpaka ukachora duara kwenye simenti, na akachuchumaa akaligusa lile duara kwa kidole.

"Kwetu ilikuwa sanduku," akasema. "Sanduku ya viatu ya barafu. Nzito sana."

Nikamuuliza ndege ilikuwa inakuja mara ngapi.

"Baridi ikianza, haikuji kabisa. Na mkubwa ndiye ako na redio."

 Nimefanya kazi na wataalamu wengi, wengine wamenieleza mambo makubwa kwa picha na kompyuta, lakini sijawahi kuelewana na mtu haraka vile.

Mbele ya kamati Kalondu alieleza yake, Salim akaeleza yake, Syombua akaeleza habari ya nyoka mpaka karani akaficha mdomo. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwingine. Nikasimama. Nilikuwa nimebakiza muda mfupi kustaafu, na mtu mwenye akili angekaa. Nilieleza tangu mwanzo: mlango, gari, paja, makao makuu, soda, shangazi yangu.  Nilidhani nitalia, sikulia.

"Pole sana, mama," mwenyekiti akasema. "Lakini hiyo ni ya zamani sana. Wacha tushike hii ya juzi."

"Hapana," akasema Mama wa Barafu. "Kama ile ingeshikwa, hii haingekuwa. Andika."

Wakaandika. Lakini nilikuja kuambiwa jinsi ilivyoandikwa: kama maelezo ya kuunga mkono malalamiko ya Kalondu. Yaani maisha yangu yote ya kazi yakawa shahidi wa Jumapili moja ya mtu mwingine. Dakta aliondolewa kambini, baadaye kazini kabisa, kwa ajili ya Kalondu. Kwa ajili yangu hakuondolewa hata kwenye kiti.

Nitasema yaliyobadilika, maana yanawahusu nyinyi. Kila mlango ulipata komeo la ndani. Funguo za gari zinakaa na watu wawili, na mmoja wao ni lazima awe mwanamke. Simu ya setilaiti iko jikoni, mahali pa wote, na namba ya malalamiko haipitii kwa mkuu wa kambi. Hakuna anayetumwa kiwanja cha mbali na mkubwa wake peke yao. Mkiajiriwa kambi nyingine yoyote, iwe ya jangwani au ya hiyo barafu, kabla hamjafungua masanduku angalieni mlango unafungwa upande gani, na ulizeni ni nani anayekaa na funguo za gari. Msione aibu kuuliza siku ya kwanza. Kalondu aliuliza siku ya kwanza.

Yeye alithibitishwa kazini, na bweni la mawe lilipojengwa likapewa jina lake. Mama wa Barafu akampeleka ng'ambo, kwenye mkutano wa watu wanaofanya kazi sehemu za mbali, akasimama mbele yao akaeleza habari ya mitungi. Alinitumia picha amevaa koti lililomfanya aonekane gunia la mkaa, nyuma yake barafu tupu, anacheka kile kicheko chake. Picha ile niliitazama mara nyingi kuliko inavyofaa mtu mzima. Ile mitungi ilikuwa ya Syombua, kisha ikawa yangu. Kalondu wake hata hakuujaza ipasavyo. Niliwaza hivyo, na bado nawaza hivyo, na wakati huo huo nikikutana na mtu sokoni Tawa namwonyesha ile picha na kusema, mwone mtoto wangu.

Mwezi uliopita alikuja kunitembelea. Nilichinja kuku, akala kama anayelipwa. Alikuwa ametoka safari ndefu, na baada ya chakula akasema ananyoosha mgongo kidogo tu kwenye kile chumba cha wageni kinachotazama uani. Nilikuwa nikikusanya sahani nikamsikia anakoroma. Nikaenda kuchungulia. Mlango alikuwa ameuacha wazi, wote, mpaka ukutani. Alilala chali, mdomo wazi, mkono mmoja unaning'inia. Jirani yangu akaingia uani akiita kwa sauti, akaangusha sufuria kwenye simenti. Kalondu hakupepesa hata kope.

 Nimeona watu wakipewa vyeo nikapiga makofi bila taabu. Nimeliona jina lake juu ya bweni la mawe, nimeiona ile barafu. Hakuna kilichonichoma kama usingizi ule. Mimi hata nyumbani kwangu, kwenye kitanda changu, mlango una komeo na kitasa, nalala sikio moja likiwa juu. Marehemu mume wangu alikuwa akiniuliza mbona mtungi wa maji unalala chumbani kwetu, nami nikamwambia maji hupoa vizuri pale.

Alipoamka alikuwa na alama za mto shavuni. "Mwaitu, kumbe nimelala!"

"Nimeona," nikasema.

"Sasa wewe pia enda ulale. Vyombo nitaosha mimi."

Nikaenda chumbani. Mkono ukafanya ulichozoea, ukaegesha mlango, ukatia komeo, ukausukuma mtungi mahali pake. Nilikuwa sijavua hata kitambaa cha kichwa niliposikia akiita kutoka jikoni.

"Mwaitu! Hapa hakuna maji! Unawekanga wapi?"

Nikaketi kitandani nikautazama mtungi. Ulikuwa umejaa mpaka shingoni. Kisha nikainuka, nikafungua komeo, nikauburuta mpaka jikoni nikamwachia. Nilirudi nikajilaza, mlango ukiwa wazi nyuma yangu, nikimsikiliza akimwaga maji yangu ovyo na kuimba kwa sauti mbaya. Sikulala. Lakini nilifumba macho.